Berzelius na Tope Jekundu

Muhula uliopita niliiba namba. Tulikuwa maabarani tukipima asidi kwa bureti, na wenzangu wote mezani walipata 21 na ushei. Mimi peke yangu nikapata 24.6. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikafuta, nikaandika 21.3. Wiki hiyo hiyo nikakutana kitabuni na Jöns Jacob Berzelius, na tangu hapo moyo haukutulia.

Berzelius alizaliwa Uswidi mwaka wa 1779. Babake alikuwa mwalimu, akafariki mtoto akiwa na miaka minne tu. Kabla hajatimiza kumi, mamake naye akaaga dunia. Akalelewa na baba wa kambo, kisha kwa mjomba. Yatima huyu alisomea udaktari huko Uppsala, lakini roho yake ilikuwa kwenye chupa na moto wa kemia. Wewe unayeandika H2O daftarini, desturi hiyo ya kutumia herufi kwa elementi ni yake, ingawa yeye ile 2 aliiweka juu.

Sasa njoo mwaka wa 1817. Berzelius na wenzake, akiwemo Johan Gottlieb Gahn, walikuwa na hisa katika kiwanda cha asidi ya salfuriki kule Gripsholm. Salfa iliyotoka kwenye mgodi wa Falun ilipochomwa, tope jekundu lilituama chini ya chumba cha asidi. Walipolitia motoni, lahaula! Likanuka figili. Enzi hizo wanakemia waliamini kuwa harufu hiyo ni ya teluri, elementi adimu sana. Basi Berzelius akamwandikia rafiki yake, daktari Alexander Marcet wa London, kumpasha habari kwamba wamepata teluri.

Hapo angeweza kunyamaza. Nani angemuuliza, naye ni bingwa mwenye jina? Lakini alilirudia lile tope, akalipima na kulipima tena, na teluri haikuonekana. Mapema mwaka wa 1818 akamwandikia Marcet tena, akakiri kwamba alikosea: humo mlikuwa na elementi mpya kabisa. Kwa vile jina la teluri lilitokana na ardhi, hii akaiita seleni, kutokana na jina la mwezi kwa Kigiriki.

Udadisi wake nusura umponze. Alitaka kujua gesi ya seleni na hidrojeni inanukaje, akavuta kiputo kidogo kama punje ya njegere. Pua ikafa ganzi kwa saa kadhaa, hata amonia kali hakuisikia! Mwalimu wetu angemfukuza maabarani siku hiyo hiyo.

Mwaka wa 1838 alimpendekezea mwanakemia Mholanzi, Gerrit Mulder, jina la protini. Alifariki Stockholm mwaka wa 1848 bila kujua kwamba vitu hivyo viwili, seleni yake na protini aliyoipa jina, vingekuja kukutana. Kwa miaka mingi seleni ilijulikana zaidi kama sumu. Mwaka wa 1957 Klaus Schwarz, huko Marekani, akaonyesha kwamba panya wakipewa kidogo tu maini yao hayaharibiki.

Kisha ikaja ajabu iliyonimaliza. Ndani ya seli, RNA hubeba ujumbe wa kutengeneza protini, nao husomwa herufi tatu tatu. Herufi UGA kwa kawaida humaanisha simama, protini imeisha. Mwaka wa 1986 watafiti waligundua kwamba katika protini fulani UGA haisimamishi kitu, bali hapo huingizwa asidi amino yenye seleni. Kumbe RNA hiyo ina mkunjo wake unaotoa amri ya kuendelea, mithili ya kondakta anayegonga bodi ya matatu dereva apite stegi bila kusimama. Mwilini mwako, ndugu msomaji, jambo hili linatendeka ukisoma ukurasa huu.

Jumatatu nilimwendea mwalimu nikamwambia 21.3 haikuwa yangu. Alinitazama kwa muda, halafu akaniagiza nilete ile bureti. Tuliijaza maji tukaitundika, tukangoja. Ilikuwa ikivuja.