Paul Bomani: Aliyeifuata pamba kutoka mizani hadi kinuni

WAKULIMA wa mbaazi wa Babati wanaukumbuka mwaka 2017. Agosti mwaka huo India iliweka kikomo cha mbaazi kutoka nje, bei ikaporomoka. Swali la nani apange safari ya zao baada ya mavuno lilikwisha kumshughulisha Paul Bomani, huko Usukumani, zaidi ya nusu karne nyuma.

Bomani alizaliwa mwaka 1925 Musoma. Alikuwa karani katika mgodi wa almasi wa Mwadui, kisha mwaka 1947 akawa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika mjini Mwanza. Wakati huo mkulima alilima pamba, lakini mizani, maghala na vinu vya kuchambulia vilikuwa mikononi mwa wengine. Kilio kikubwa kilikuwa kupunjwa kwenye mizani.

Bomani na wenzake walikwenda hatua kwa hatua. Kwanza wakulima waliweka wapimaji wao. Kisha vyama vya msingi vikaanza kununua pamba ya wanachama, na mwaka 1955 vikaungana katika shirikisho la Victoria, maarufu kama VFCU. Baadaye likamiliki vinu. Hapo hisa ikapata maana: faida ya nyuzi na mbegu, iliyokuwa ikibaki kwa mwenye kinu, sasa iliweza kumrudia mwenye pamba.

Bomani aliingia serikalini, akawa Waziri wa Kilimo mwaka 1960 na wa Fedha mwaka 1962. Baadaye alikuwa balozi nchini Marekani kuanzia 1972 hadi 1983. Alifariki mwaka 2005.

Ushirika aliouacha ulipata misukosuko. Mwaka 1966 tume ya Rais ilikuta vyama vingi nchini vina watumishi wengi kupita kiasi, wizi na hesabu mbovu. Gharama hizo zote zilikatwa kwenye malipo ya mkulima. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa. Sheria ya 1982 ikavirejesha.

Maisha ya Bomani yanamwachia mwanachama wa AMCOS funzo lenye pande mbili. Kumiliki ghala, lori au mashine ya kukoboa mbaazi huongeza kipato, ila pale tu hesabu inapokubali. Kabla ya kunyoosha mkono mkutanoni, aulize: kila kilo itaongeza shilingi ngapi, na baada ya mishahara, mafuta na uhifadhi, ngapi zitamfikia?