Suleiman Nabhani: mgeni aliyepewa mke akapata ufalme

Huku kwetu Chundwa, posa ikija, nasaba huulizwa kabla ya mahari. Na wengi kisiwani Pate, tukianza kuhesabu mababu, hatutui mpaka tufike Oman. Jina kubwa huko ni la Suleiman bin Suleiman bin Mudhaffar Nabhani. Natujaribu kuufuata ukoo wake.

Habari zake zimo katika tarikhi ya Pate. Maandishi ya asili yasemekana yalipotea Witu, Waingereza walipoushambulia mji ule mwaka 1890. Tulizonazo nyingi zimetoka kwa Bwana Kitini, mwenyewe Mnabahani, na Mwingereza Stigand alizitia katika kitabu chake cha mwaka 1913.

Tarikhi yasema Suleiman alikuwa mfalme Uarabuni, akaondoshwa na Mayaarubi. Akavuka bahari pamoja na ndugu zake Ali na Othman, akatua Pate mwaka 600 Hijria, yaani kama 1203 Miladia. Akampelekea mfalme wa mji zawadi, kisha akamposa binti yake, akapewa. Siku ya saba ya harusi mkwewe akamjulisha kuwa fungu la mkewe ni ufalme wa Pate. Akatawala mpaka alipofariki mwaka 625 Hijria, na mwanawe Muhammad akashika.

Lakini hesabu hapa zagongana. Mayaarubi walianza kutawala Oman mwaka 1624, Imamu Nasir bin Murshid alipochaguliwa. Na Suleiman bin Suleiman anayejulikana sana Oman, mfalme na mshairi, aliishi karne ya 15. Mwanahistoria Neville Chittick aliandika mwaka 1969 kuwa Wanabahani walifika Pate nyuma sana ya mwaka unaotajwa.

Sisemi wazee walitudanganya. Katika nasaba jina hushikwa, mwaka huteleza.

Ila kuna jambo ambalo tarikhi haikulificha, nasi twalipita. Ufalme ulikuja kwa upande wa mke. Baba yake, Mbatawi, alikuwa na mji na watu kabla mgeni hajatia nanga. Shanga, karibu na Siyu, wachimbuaji wamekuta alama za msikiti mdogo wa miti wa karne ya 8. Basi hata Uislamu Suleiman aliukuta kisiwani. Na huyo mama wa wafalme, wangapi kati yetu tunalijua jina lake?

Nasaba ni ya baba, hilo silipingi. Lakini leo kijana mwenye dini na tabia njema hukataliwa kwa kuwa babu zake hawatajwi kuwa walitoka ng'ambo. Mwenye binti airudie tarikhi aisome vizuri. Yule Mbatawi angalikuwa na masharti kama yetu, Suleiman angalirudi baharini bila mke wala ufalme, nasi tusingalikuwa na Mnabahani wa kujivunia.