Bibi Osa Johnson: Mume Kamera, Mke Bunduki

Afikaye Marsabit huambiwa asirudi kabla ya kuliona Ziwa Paradise, lililo ndani ya shimo la volkano iliyozimika, limezungukwa na msitu mzito. Jina hilo, ambalo maana yake ni Pepo, lilienezwa ulimwenguni na mtu na mkewe kutoka Marekani waliokwenda kukaa ukingoni mwake mwaka 1924. Mume alikuwa Martin Johnson. Leo twamtazama mkewe, Bibi Osa.

Osa Leighty alizaliwa mwaka 1894 huko Chanute, mji mdogo katika jimbo la Kansas. Baba yake alikuwa mtu wa kazi ya reli. Mwaka 1910, akiwa na miaka 16 tu, aliolewa na Martin, aliyemzidi miaka kumi hivi. Martin alikwisha kuzunguka bahari ya Pasifiki, akiwa mpishi katika jahazi la mwandishi Jack London, na riziki yake ilikuwa kuonyesha watu picha za safari ile kwa kiingilio. Osa akawa anaimba baina ya picha na picha. Hivyo ndivyo walivyokusanya nauli, na mwaka 1917 wakaenda pamoja visiwa vya Solomon na New Hebrides, ambavyo leo ni Vanuatu.

Mwaka 1921 meli iliwashusha Mombasa, wakapanda gari la moshi hadi Nairobi. Huko walikutana na Blayney Percival, aliyekuwa mkuu wa wanyama wa pori katika serikali ya kikoloni. Ni yeye aliyewaongoza kwenye ziwa la Marsabit. Walipoliona, hawakutamani tena pengine.

Walirudi mwaka 1924 kwa fedha za matajiri wa Marekani, mmoja wao George Eastman mwenye kiwanda cha Kodak, na kwa baraka za Makumbusho ya Elimu ya Viumbe ya New York. Motokaa zao, zimesheheni vyakula na filamu, zilipita Meru na Isiolo, zikavuka Ewaso Ng'iro, kisha zikaingia jangwa la Kaisut. Barabara haikuwapo. Palipokuwa na mchanga au matope, motokaa ilisukumwa na watu. Nyuma yao walifuata wapagazi na magari ya kukokotwa na ng'ombe.

Ukingoni mwa ziwa walijenga kijiji cha nyumba za udongo na makuti ya nyasi, pamoja na chumba cha giza cha kusafishia filamu. Osa alilima mboga, alivua samaki na kupika. Usiku wawili hao walijificha karibu na maji, wametega taa za mwako, mnyama akigusa uzi ajipige picha mwenyewe.

Lakini kazi kubwa ya Osa ilikuwa nyingine. Kamera ya sinema ya siku zile iliendeshwa kwa kuzungusha mpini kwa mkono. Ndovu au kifaru akija mbio, Martin haachi mpini, maana akiacha picha imepotea. Osa alisimama kando yake na bunduki, akingoja hadi hatua za mwisho. Akipiga mapema, picha imeharibika. Akichelewa, ni mjane. Wanaume wangapi wangeweza kuitia roho yao mikononi mwa mke namna hiyo?

Haki ya mambo ni kusema yote. Mara nyingine mnyama alichokozwa makusudi ili aje mbio na watazamaji watetemeke. Tena katika filamu zao Waafrika walifanywa kichekesho, hali bila wao safari isingefika popote. Boculy, bingwa wa kufuata nyayo za ndovu, ndiye aliyewapeleka hadi penye picha.

Waliondoka Marsabit mwaka 1927. Walipiga picha za simba wa Serengeti wakiwa ndani ya motokaa, na filamu ya Simba ikatoka mwaka 1928. Mwaka 1933 walirejea na ndege mbili, moja imepakwa milia ya punda, nyingine madoadoa ya twiga, wakaruka juu ya Mlima Kenya na Kilimanjaro.

Ajali haina kinga. Waliosalimika na vifaru na simba walipatwa na mauti nyumbani. Mwezi wa Januari 1937 ndege ya abiria waliyopanda ilianguka huko California. Martin alifariki kesho yake. Osa alivunjika vibaya, lakini aliendelea kuhutubia watu akiwa katika kiti cha magurudumu, na mwaka uo huo akarejea Afrika ya Mashariki kwa kazi ya sinema, safari hii bila mume. Kitabu chake cha mwaka 1940 kiliuzwa mno. Alifariki New York tarehe 7 Januari 1953, akazikwa Chanute kando ya mumewe. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

Ndovu wa Marsabit nao wana habari yao. Ahmed, fahali wa pembe ndefu, alilindwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta mwaka 1970 hadi alipojifia mwaka 1974. Fahali mfano wake ni wa kutafuta sasa. Picha za Osa na Martin ni ushahidi wa neema tuliyokuwa nayo, na amana iliyosalia mikononi mwetu.