Peig Sayers, msimuliaji wa kisiwani

Msikilizaji, leo tunakuletea habari za mwanamke wa Ayalandi ambaye hakuweza kuandika lugha yake mwenyewe. Hata hivyo, anayetaka kujua watu wa huko waliishi vipi katika nyumba zao za zamani lazima apite kwake.

Peig Sayers alizaliwa mwaka 1873 kijijini Dunquin, Kerry, magharibi kabisa mwa nchi. Baba yake alikuwa fundi wa hadithi. Shuleni alifundishwa kwa Kiingereza, kisha akiwa bado binti mdogo akapelekwa mji wa Dingle kufanya kazi za ndani. Rafiki yake aliyekwenda Marekani aliahidi kumtumia nauli. Nauli haikufika.

Mwaka 1892 walikuja wanaume watatu kuposa, naye hakujua hata yupi kati yao atakuwa mumewe! Alikuwa Pádraig, mvuvi wa kisiwa cha Great Blasket, kama kilomita 2 kutoka pwani. Peig akaolewa huko.

Nyumba za kisiwani zilijengwa kwa mawe, zikajibanza kwenye mteremko kukwepa upepo. Zile za zamani ziliezekwa kwa majani, na kuku walitaga humo humo paani. Usiku ng'ombe na punda walilala ndani pamoja na watu. Baadaye Peig alipata moja ya nyumba 5 mpya zilizojengwa na serikali karibu mwaka 1910, lakini maisha yaliendelea kuzunguka meko. Kuni hazikuwepo, kisiwa hakina miti. Walichoma udongo mweusi wa kilimani, uliokatwa kama matofali na kuanikwa hadi ukakauka. Usiku makaa yalifukiwa kwenye majivu, asubuhi yakafukuliwa, moto haukuachwa uzimike. Jioni majirani waliingia, wakaketi, Peig akasimulia.

Moto huo ulimgharimu. Mwaka 1920 mwanawe Tomás alikwenda kung'oa vichaka vya kuwashia, akaporomoka kwenye jabali akafa. Mama mwenyewe ndiye aliyeuosha mwili uliovunjika. Mumewe naye akafariki, na watoto waliobaki wakaondoka mmoja mmoja kwenda Marekani.

Mícheál alirudi. Mama akasimulia maisha yake, mwana akaandika, na kitabu kikatoka mwaka 1936. Kwa miaka mingi wanafunzi wa Ayalandi walilazimishwa kukisoma, na wengi wakakichukia. Mimi naona kosa si lake. Hadithi zake zilikuwa za kusikilizwa usiku, si za kujibia mtihani. Wakusanyaji wa masimulizi walipata kwake mamia ya hadithi, na mwaka 1947 BBC ilirekodi sauti yake.

Mwaka 1942 alirudi Dunquin. Vijana kisiwani walizidi kupungua, na mwaka 1953 serikali ikaanza kuwahamisha wachache waliobaki. Peig alifariki Dingle mwaka 1958, akiwa haoni tena.