Talbot, Mtu Aliyeshindwa Kuchora

Kama umewahi kuona nyumbani bahasha ya zamani yenye mikanda ya picha, ile ambayo ukiinua mwangani unaona nyuso nyeusi na nywele nyeupe, basi umeshika kazi ya William Henry Fox Talbot. Waulize babu na bibi. Wao waliipeleka studio ikasafishwe.

Talbot alizaliwa Uingereza mwaka 1800, akasoma hesabu Cambridge, hata ubunge akaupata. Kuchora tu ndiko kulikomshinda. Mwaka 1833, akiwa kando ya Ziwa Como, Italia, alijaribu kuchora mandhari na matokeo yakamtia aibu. Akajiuliza: kwa nini mwanga wenyewe usichore?

Usimcheke. Tangu zamani watu walijua kwamba mwanga ukipita kwenye tundu dogo la chumba cheusi, huangusha ukutani taswira ya vitu vya nje, kichwa chini miguu juu. Kilichokosekana ni namna ya kuishika taswira hiyo isitoroke.

Talbot alilowesha karatasi kwa maji ya chumvi, akaipaka dawa yenye madini ya fedha. Karatasi hiyo ikipigwa na mwanga huwa nyeusi. Akatengenezewa visanduku vidogo vya mbao vyenye lenzi, ambavyo mkewe, Constance, aliviita mitego ya panya! Agosti 1835, nyumbani kwao Lacock, alipata picha ya dirisha, ndogo kuliko kiganja cha mtoto. Ndiyo negativu ya kamera kongwe kuliko zote zilizobaki.

Kisha akaiweka kando, akashughulikia mambo mengine zaidi ya miaka mitatu. Januari 1839 habari zikaja kutoka Paris: Louis Daguerre ameweza kuishika picha. Kabla mwezi haujaisha Talbot alikwisha onyesha karatasi zake London, lakini sifa ilikuwa imeshakwenda kwa Mfaransa.

Hata hivyo, picha ya Daguerre, kwenye bamba la shaba lililopakwa fedha, ilikuwa moja tu. Ukitaka nyingine, piga tena. Negativu moja ya Talbot ilitoa nakala nyingi. Mwaka 1840 akagundua pia kwamba karatasi inayoonekana tupu huwa imeificha picha, na dawa huiibua.

Mwaka 1841 akaiwekea hataza, wanaotaka kuitumia walipe. Nadhani hapo alijiponza, maana wapiga picha walimchukia. Mwaka 1854 mahakama ilikubali kuwa yeye ndiye mvumbuzi, ila mpiga picha aliyemshtaki akaachiwa.

Alifariki Lacock mwaka 1877. Nyumba ipo bado Wiltshire, na wageni hukaribishwa. Mkienda na wazazi, litafuteni lile dirisha mhesabu vioo vyake. Talbot aliandika kwamba kwa lenzi vilihesabika pichani, kama 200 hivi.