Nikola Tesla, mtangulizi wa umeme wa kasi

Msikilizaji wetu wa Majimoto, umeme wa TANESCO hufika ukutani ukiwa na mizunguko 50 kwa sekunde. Chaja ya simu huupandisha hadi makumi ya maelfu. Mizunguko ikiongezeka, transfoma inaweza kuwa ndogo, ndiyo maana chaja ni nyepesi.

Mmoja wa waliotangulia kuuchunguza umeme wa kasi hiyo ni Nikola Tesla. Alizaliwa mwaka 1856 katika kijiji cha Smiljan, ambacho leo kiko Kroatia, akahamia Marekani mwaka 1884. Mwaka 1891, mbele ya wahandisi jijini New York, aliwasha taa bila kuziunganisha na waya. Mwaka 1895 maabara yake iliteketea kwa moto, akaanza upya. Mwaka 1901 alianza kujenga mnara wa kurusha mawasiliano na umeme bila waya. Tajiri J. P. Morgan alikataa kuongeza fedha, na mwaka 1917 mnara ukabomolewa.

Tesla alifariki Januari 7, 1943, peke yake katika chumba cha hoteli, bila mali. Leo watafiti wanajaribu mizunguko ya makumi ya mamilioni kwa sekunde, wakitafuta vifaa vidogo zaidi.