Ernst May: Aliyeijenga Frankfurt Akaichora Kampala

Tangu 2023, pale serikali ilipoanza kukata asilimia 1.5 ya mishahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na waajiri wakatakiwa kuongeza kiasi kama hicho, kila matatu imekuwa na mtaalamu wake wa makazi. Mimi kazi yangu ni kufundisha isimu, si kuchora ramani za majumba, lakini mshahara wangu nao hukatwa, na kwa hiyo nami najihesabu miongoni mwa wenye haki ya kusema. Katika kelele hizo zote sijasikia likitajwa jina la mtu mmoja aliyeishi hapa hapa Nairobi, ambaye huko kwao aliwahi kujenga nyumba za umma kwa maelfu kwa fedha zilizotokana na kodi. Mtu huyo ni Ernst May.

Alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1886. Akiwa kijana alikwenda Uingereza, akafanya kazi chini ya Raymond Unwin wakati mtaa wa Hampstead Garden Suburb ulipokuwa ukijengwa London. Huko ndiko alikookota wazo lililomwandama maisha yake yote, kwamba mfanyakazi wa mjini anastahili mwanga wa jua, hewa safi na kipande cha bustani. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza alisimamia ujenzi wa nyumba za mashambani huko Silesia, akiwa na makao yake Breslau, mji ambao leo ni Wrocław wa Poland. Mwaka 1925 mji wake wa kuzaliwa ukamwita nyumbani na kumkabidhi idara nzima ya ujenzi.

Fedha alizitoa wapi? Hapa nawaomba wasomaji wanivumilie kidogo, maana ndipo penye kiini cha jambo. Mfumuko wa bei wa 1923 ulikuwa umeimeza sarafu ya Ujerumani. Aliyekuwa amekopa ili kununua jengo alijikuta deni lake limegeuka makaratasi, ilhali jengo lenyewe limesimama pale pale. Mwaka 1924 serikali ikawageukia wenye majengo hao waliosamehewa na historia, ikayatoza kodi majumba yaliyojengwa kabla ya vita, na sehemu ya mapato hayo ikaelekezwa katika kujenga nyumba mpya. Lugha yetu ya Kiswahili hutumia neno lile lile, kodi, kwa kile anacholipwa mwenye nyumba na kile inacholipwa serikali. Mpangaji wa Umoja au Kayole anayelipa kodi ya nyumba mwanzoni mwa mwezi na kukatwa kodi ya nyumba mwishoni mwake hahitaji mwanaisimu wa kumfafanulia utata huo. Wajerumani wale walimtoza mwenye jengo aliyeneemeka bila ya kutoa jasho. Sisi tumeanza na karatasi ya mshahara. Tofauti hiyo, kwa maoni yangu, ni kubwa kuliko tofauti zote za usanifu.

Kwa fedha hizo, katika muda wa miaka mitano hivi, May na wenzake walisimamisha nyumba zinazokadiriwa kuwa kati ya 12,000 na 15,000. Mtaa uliovuma zaidi ni Römerstadt, wenye nyumba zipatazo 1,200, uliojengwa kando ya bonde la mto Nidda na kutumia umeme kwa kila kitu, jambo ambalo wakati huo lilikuwa la ajabu. Paa zilikuwa bapa, nyumba zikapangwa kwa kufuata jua, na mabustani ya mboga yakabuniwa na Leberecht Migge ili familia ijilishe kwa sehemu. Huko Praunheim walijaribu kujenga kwa mabamba makubwa ya zege yaliyofinyangwa kiwandani kisha kuinuliwa kwa winchi hadi mahali pake. Wale wanaotutangazia leo kwamba nyumba za kuunganishwa vipande vipande ni uvumbuzi mpya wamechelewa karibu karne nzima.

Kisha kuna jiko. Margarete Schütte-Lihotzky, mwanamke kutoka Vienna, aliibuni mwaka 1926 jiko lenye upana usiofika mita mbili na urefu wa mita tatu na nusu hivi, baada ya kuzipima hatua za mpishi kama mshonaji apimavyo kitambaa. Majiko yapatayo 10,000 ya aina hiyo yaliwekwa katika nyumba za Frankfurt. Hata hivyo, wakazi wengine walilalamika: wao walizoea kula jikoni, na sasa meza haikuwa na pa kuingia. Lalamiko dogo hilo linafaa kukumbukwa. Chumba kilikuwa kimepimwa kwa uangalifu wote, lakini kilipimwa na mtu ambaye hakuwa na nia ya kuketi humo.

Kulikuwa na kasoro nzito zaidi. Kodi za nyumba hizo ziliwashinda wafanyakazi wa chini kabisa, wale wale ambao jina lao lilitumiwa kuutetea mpango. Walioingia kwa wingi walikuwa makarani, walimu na mafundi wenye ajira ya uhakika. May alilijua hilo, na mwaka 1929 wasanifu wa mataifa mbalimbali walipokutana Frankfurt, mada yao ilikuwa nyumba ndogo kabisa ambayo binadamu aweza kuishi bila ya kudhalilika. Lakini mdororo wa uchumi ulikuwa umeshabisha hodi, na fedha zikakauka.

Mwaka 1930 May alichukua kundi la wenzake akaenda Muungano wa Kisovieti kuchora miji ya viwanda, ukiwemo Magnitogorsk, mji wa chuma. Aliikuta tanuri imetangulia na watu wamelala katika mabanda na mahema. Miaka mitatu ilimtosha. Lakini kurudi kwao hakukuwezekana: Hitler alikuwa ameshika madaraka mwaka 1933, na May, mwenye asili ya Kiyahudi na majengo yaliyotukanwa na Wanazi kuwa si ya Kijerumani, hakuwa na pa kurejea. Mwaka 1934 akawasili Tanganyika, akawa mkulima karibu na Arusha.

Ukulima haukumtosha. Baadaye alihamia Nairobi na kufungua ofisi ya usanifu. Vita Vikuu vya Pili vilipozuka, Waingereza walimweka kizuizini kwa sababu tu alikuwa Mjerumani, mtu yule yule ambaye Wajerumani walimkataa, na akapelekwa Afrika Kusini. Alipoachiliwa alirudi kazini. Delamere Flats za Nairobi ni kazi yake, na kadhalika hoteli ya Oceanic ya Mombasa yenye umbo la kupinda mbele ya bahari.

Kazi yake kubwa kwetu, hata hivyo, ilikuwa Kampala. Mwaka 1945 alipewa jukumu la kupanga upanuzi wa mji huo katika vilima vya Kololo na Naguru, na mpango wake ukachapishwa mwaka 1947. Msanifu aliyesoma mpango huo atasifu jinsi barabara zinavyofuata mikunjo ya vilima na jinsi kijani kilivyohifadhiwa. Mimi husoma nomino. Humo mna mitaa ya Wazungu, mitaa ya Waasia na mitaa ya Waafrika, kila mmoja mahali pake, na kijani kile kile kilichoitwa mapafu ya mji kule Frankfurt kimefanywa hapa kuwa ua wa kutenganisha rangi. Mwafrika katika fikira za May alikuwa mwanafunzi aliyepaswa kufundishwa kuishi mjini hatua kwa hatua. Alimbunia hata nyumba ya zege, ya vipande vya kuning'iniza juu ya fremu iliyopinda kama upinde, kwa kuwa aliona umbo hilo linafanana na kibanda alichokizoea. Nyumba hizo hazikuenea.

Naona ajabu, maana mfano ulikuwepo. Katika Majengo ya Pumwani, Nairobi, na kote pwani, nyumba ya Kiswahili ilikuwa imekwisha kutatua tatizo hilo kwa udongo na miti: vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma, baraza mbele. Mwenyewe hukaa chumba kimoja na kukodisha vilivyobaki, familia ikikua huchukua chumba kingine, na mgeni hupokewa barazani bila ya kuingia ndani. Ilikuwa nyumba, biashara na bima ya uzee kwa pamoja. Mtu aliyesomea Hampstead na kutunza kila hatua ya mpishi wa Frankfurt alipaswa kuiona. Sidhani kwamba alikosa akili ya kuiona. Alikuwa ameajiriwa na dola ambayo haikutaka Mwafrika awe mwenye nyumba mjini, bali mgeni wa kazi, na hakulipinga hilo.

Mwishoni mwa 1953, wakati Kenya ikiwa chini ya hali ya hatari, May aliondoka kurudi Ujerumani. Alikuta miji imebomoka na kazi tele, akashika mipango ya shirika kubwa la nyumba la vyama vya wafanyakazi, Neue Heimat, na kushiriki katika mitaa kama Neue Vahr ya Bremen. Alifariki Hamburg mwaka 1970.

Römerstadt bado inakaliwa, na Frankfurt inaitunza kama urithi. Huko Naguru, nyumba za enzi za ukoloni walizojengewa wafanyakazi wa Kiafrika zilibomolewa mwaka 2011. Wakazi waliahidiwa nyumba mpya mahali pale pale, na kwa miaka mingi kiwanja kikabaki kitupu.